Lakiri Kwenye Mfuniko wa Tangi

Mwanangu Mutua,

Kosa la watu wengi gari linapozimika njiani ni kuilaumu pampu, kwa sababu ndiyo iliyonyamaza. Wanaifungua kabla hawajaisikiliza. Mimi baba yako nimelifanya kosa hilo nikiwa kijana, nikalirudia nikiwa na mvi, kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa mahali pa juu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kukuita tuzungumze, na wewe umelala hatua chache kutoka meza hii. Ni kwa sababu ya kuta za mabati. Tukizungumza kwa sauti ya kawaida, laini yote ya wafanyakazi itasikia. Tukizungumza kwa sauti ya chini, jirani atauliza kesho tulikuwa tunanong'ona nini. Jirani yetu ni mtu mwema, lakini siku hizi wema wa mtu haujulikani mpaka siku atakapoulizwa maswali. Karatasi haina sauti. Isome alfajiri unapokunywa chai, kisha iache mezani. Mama yako ataiwashia moto wa mchana.

Habari za kula, kufua, kwenda kanisani na kutuma salamu kwa bibi yako, mama yako amekwisha kukupa zote, na nyingine amekupa mara mbili. Mimi nitakueleza habari za gari. Najua unacheka. Kule karakana, wanakoniita Mwalimu kwa maelezo yangu marefu, Barasa karani husema nikiulizwa saa ngapi, naeleza jinsi saa inavyotengenezwa. Vumilia. Gari hili limekwisha kumpeleka mtu mmoja kizuizini, na kesho wewe ndiye utakayekalia kiti chake.

Nianze na pampu. Ya Landrova ile ya kupeleka dawa ni ya umeme, nawe umeisikia tangu ulipoanza kuendesha. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata inalia tik-tik-tik kwa haraka, inapunguza mwendo, halafu inanyamaza. Kunyamaza huko ni afya. Kabureta imejaa, sindano imefunga mlango, pampu inapumzika. Ikilia haraka bila kukoma, inavuta hewa mahali pa petroli: labda tangi ni tupu, au kiungo cha bomba kimelegea kati ya tangi na pampu. Usikitafute kiungo hicho kwa macho, maana kinachovuta hewa ndani hakidondoshi kitu nje. Pita na spana, ukaze kimoja kimoja.

Lakini ikinyamaza huku kabureta ni kavu, hapo ndipo kila mtu anapokimbilia bisibisi. Wewe iguse kwanza kwa kiganja. Pampu iliyonyamaza na ni baridi haipati umeme, au platini zake, vile vidude viwili vinavyogusana kupitisha umeme, zimeungua. Fuata waya kutoka swichi, kisha ule mfupi unaofungwa kwenye bodi, mara nyingi kutu ndiyo iliyoukata. Igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Zikiwa ni platini zimegandana, itaamka. Pampu iliyonyamaza na ni ya moto ni habari nyingine kabisa. Hiyo inapata umeme wote, inavuta kwa nguvu zake zote, na haivuti kitu. Haina ugonjwa. Imekabwa koo, na ukiifungua utakuwa unampasua aliyekabwa huku mkabaji akitazama.

Hilo nililijifunza wakati wa vita, kule Uhabeshi. Lori langu lilizima katikati ya msafara. Sikuigusa pampu, sikuisikiliza. Nikaifungua palepale njiani, upepo ukivuma, ili wenzangu waone jinsi Kilonzo alivyo mwepesi wa mikono. Ndani ya pampu mna visahani vyembamba vya shaba vinavyofungua na kufunga njia ya petroli. Kimoja kiliruka mchangani. Msafara ukaondoka, nikabaki na koplo mmoja wa kutoka Kitui, tukipepeta mchanga kwa kofia mpaka jua likashuka. Kisahani tulikipata. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kitambaa kilichoziba bomba ndani ya tangi. Koplo hakunikaripia. Alisema tu, "Kilonzo, mgonjwa alikuja na jino, wewe umempasua tumbo."

Nilidhani sitarudia.

Sasa nikueleze ya Ndirangu, kwa sababu umesikia ya sokoni, na ya sokoni yana miguu mingi kuliko kichwa.

Unamjua mwenyewe, Ndirangu wa Tetu, dereva wa gari la dawa, aliyekufundisha kurudisha gari nyuma kwa kutazama kioo tu. Hali ya hatari ilipozidi, amri ilishuka kwamba kila gari la serikali lijazwe tangi asubuhi mbele ya karani, na mfuniko wa tangi ufungwe kwa waya na kutiwa lakiri, ile nta nyekundu ya kuyeyushwa, yenye muhuri. Jioni karani anavunja lakiri, anapima kwa kijiti mafuta yaliyotumika. Walisema petroli inanyonywa njiani na kupelekwa kwa watu wa msituni. Sijui kama ni kweli. Ninalolijua ni kwamba kuvunja lakiri njiani, hata gari likiwaka moto, likawa kosa la kumpeleka dereva ndani.

Barasa ndiye aliyepewa kazi ya lakiri. Hana roho mbaya, mtu huyo. Lakini wiki ya kwanza lakiri yake moja ilipasuka kwa mtikisiko wa barabara, akakaripiwa mbele ya watu wote na Bwana DO, afisa wetu wa tarafa. Tangu siku hiyo alikuwa akimimina mpaka mfuniko wote unakuwa mwekundu, hakuna chuma kinachoonekana. Nikamwambia, "Barasa, unapika keki?" Akajibu, "Mwalimu, keki hii ndiyo inalinda kazi yangu."

Gari la dawa likaanza kuzima. Lilikuwa likizima mahali pamoja, kabla ya kufika Mweiga, pale barabara inapopanda na msitu unasogea karibu. Ndirangu hupiga stata mpaka betri inachoka, kisha hukaa na kungoja. Baada ya nusu saa hivi linawaka lenyewe, anakwenda zake, anawapa watu dawa, anarudi. Akifika karakana gari halina kasoro hata moja.

Mara ya kwanza nikaifungua pampu. Ndiyo, baada ya Uhabeshi na baada ya mvi. Nikasafisha platini, nikaifunga. Gari likazima palepale. Nikaitoa, nikaweka pampu ya gari jingine. Likazima palepale. Nikatazama kikombe cha kioo kinachochuja petroli, hakina tope wala maji. Chini ya kiti nikaona upande wa tangi umebonyea ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Koplo wa homugadi, wale walinzi wa vijiji wa serikali, akachungulia begani kwangu, akasema hilo limepigwa rungu na mtu.

Barasa naye akaja na lake. "Sukari hiyo, Mwalimu. Mimi nakwambia, mtu ametia sukari."

Nikamwambia, "Sukari haiyeyuki ndani ya petroli. Ingekaa chini ya kikombe cha kioo, ungeiona kama mchanga."

"Ati haiyeyuki. Kwani wewe unakunywa chai ya petroli?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniudhi, nikarudi kwenye pampu yangu. Laiti ningeuliza swali moja tu: kwa nini palepale? Wengine waliliuliza, nao walikuwa na jibu tayari. Anasimama palepale kwa sababu kuna mtu anayemngoja palepale. Nusu saa kando ya msitu, na shehena ya dawa garini. Siku hizi hilo halihitaji shahidi. Wakamchukua Ndirangu asubuhi akiwa bado anakaza gurudumu, wakampitisha mbele ya mtoa habari aliyefunikwa gunia usoni asijulikane. Gunia likatikisa kichwa juu na chini. Basi.

Siku ile waliyomkamata, gari lilikwenda na dereva wa muda, askari mgeni asiyejua kitu. Likazima palepale. Hata hapo watu hawakushtuka, walisema Ndirangu alikwisha kuliharibu. Yule askari hakungoja nusu saa. Lori la jeshi lilikuwa linapita, likamvuta mbio hadi karakana. Barasa akaja na kisu chake, akavunja lakiri apime mafuta kama ilivyo desturi, akaanza kuzungusha mfuniko. Mfuniko ukafyonza. Fyuuu, refu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama majini. Kisha tangi likapiga kelele, dung', na lile shavu lililobonyea likatoka nje lenyewe.

Barasa akaruka nyuma. "Mwalimu, kuna nyoka humo."

Nilikaa juu ya pipa la oili.

Umewahi kumwona mama yako akitoboa kopo la maziwa. Akitoboa tundu moja, maziwa yanatoka matone mawili na kukoma. Akitoboa la pili upande wa pili, yanamwagika, kwa sababu hewa inaingia mahali pa maziwa yaliyotoka. Tangi ni hivyo hivyo. Katikati ya ule mfuniko mna tundu dogo, jembamba kuliko sindano ya kushonea magunia, nalo kazi yake ni kuingiza hewa. Barasa alikuwa akilizika chini ya keki yake kila asubuhi. Pampu inavuta, hewa haiingii, tangi linajikunja, mwishowe pampu inashindwa, inapata moto, inanyamaza. Ukingoja, hewa inapenya kidogo kidogo chini ya ukingo wa mfuniko, na baada ya nusu saa gari linawaka kama halijawahi kuugua.

Na kwa nini palepale? Kwa sababu tangi lilijazwa mpaka shingoni kila asubuhi, na tangi lililojaa lina hewa kidogo sana ya kuanzia. Linaanza mahali pamoja, linapanda mlima uleule, linakunywa kiasi kilekile, koo linakabwa kwenye kona ileile. Ndirangu hakupachagua pale. Palichaguliwa na wale walioandika amri.

Nilikwenda kwa Bwana DO siku ileile. Mama yako alinisihi nisiende. Aliniambia, "Ukimtetea Mgikuyu watasema ni kwa sababu ya mkeo. Ukinyamaza watasema hivyo hivyo. Lakini ukinyamaza utakuwa nyumbani." Nikavaa koti.

Bwana DO alinisikiliza mpaka mwisho, nami kama unavyonijua nilieleza kwa urefu. Kisha akaniuliza kwa kile Kiswahili chao, "Nani nafundisha wewe hii maneno?"

"Hakuna aliyenifundisha, Bwana. Nimesikia mfuniko ukivuta hewa."

"Wewe nasikia leo. Kwa nini hapana sikia jana?"

Lile swali lilikuwa la haki: jana nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaomba tulijaribu gari. Kesho yake tangi likajazwa, Barasa akamimina keki yake mbele yetu. Bwana DO akakaa kando yangu, askari wawili nyuma. Nilianza kuogopa kwamba gari halitazima. Fikiria hilo, mwanangu: fundi anayeomba gari lake liharibike.

Likazima palepale. Ukimya wa mahali pale unaujua. Askari mmoja aliruka chini, akaelekeza bunduki kwenye miti. Wa pili alielekeza yake kwenye mgongo wangu, na sidhani kama alikosea njia. Bwana DO alikuwa ameshika bastola mapajani. Ikanijia kwamba kama kuna mtu yeyote mle msituni, wa kukusanya kuni au wa jambo jingine, akikanyaga kijiti kikavu, basi mimi ndiye niliyemleta afisa mpaka hapa.

Nikasema polepole, "Bwana, iguse pampu. Utaikuta ya moto." Akaigusa. "Sasa naomba ruhusa ya kuinua mto wa kiti na kuvunja lakiri."

"Wewe kaa," akasema. Aliinua mto mwenyewe, akavunja lakiri kwa kisu chake mwenyewe, akazungusha. Fyuuu. Dung'. Yule askari wa mgongoni mwangu akaapa kwa Kijaluo. Nikafungua swichi. Tik-tik-tik.

Tulifika Mweiga tukarudi, na katika kurudi nikaanza kuona mashamba ya viazi, maana nilipokuwa nikienda sikuona kitu. Karibu na mji Bwana DO akasema, "Ndirangu naweza vunja, naenda. Kwa nini hapana vunja?"

"Kuvunja lakiri ni kosa, Bwana."

Akafikiri. "Lakini kama yeye najua hii tundu, yeye mwenyewe naweza ziba."

Ndivyo ilivyo, Mutua. Nilikuwa nimempelekea ushahidi wa kumtoa mtu, naye akauona kuwa njia mpya ambayo mtu huyo angeweza kuitumia. Hakuwa mjinga. Tundu aliliona, mlio aliusikia. Lakini mtu aliyekwisha kutia mwingine ndani hapendi kusikia kwamba sababu yake ilikuwa lakiri. Ndirangu yuko kizuizini mpaka leo. Mkewe hupita mbele ya karakana siku za soko, hasimami, ananiangalia tu mikono.

Bwana DO aliniambia jambo moja zaidi. Gari litahamishiwa Kutus, kupeleka dawa katika vijiji vipya vya upande wa Mlima. Kama halitazima huko katika msimu huu wa mvua, atalitazama upya jambo la Ndirangu. Nikashukuru. Kisha akasema dereva atakuwa wewe. "Mtoto yako. Yeye Mkamba, ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Alijua mama yako ni Mgikuyu wa Mathira. Imeandikwa kwenye kipande chako cha utambulisho. Nimelifikiria neno lake mchana na usiku na silipendi. Inawezekana alitaka kijana anayejua gari. Inawezekana pia alitaka kuona kama fundi Kilonzo atathubutu kumweka mwanawe juu ya maneno yake. Gari likizima kando ya msitu nawe ukiwa ndani, Ndirangu hatoki, mimi ni mwongo, na wewe ni mtoto wa Mgikuyu aliyesimama nusu saa mahali pasipofaa. Likienda bila kuzima, kila safari yako ni neno moja la kumtetea mtu asiyeweza kujitetea. Ningeweza kukataa kwa niaba yako. Nilikuuliza, ukasema utakwenda, na hukuuliza kwa nini nilikuwa nakuuliza. Ndipo nilipojua unajua.

Amri ya lakiri haijafutwa. Imetoka juu, na Bwana DO hawezi kuandika kwa wakubwa wake kwamba amri ilikuwa inakaba magari.

Sasa, ukiwa njiani. Gari likikohoa, usiruke chini mbio, na usikae kimya pia. Sema kwa sauti unachokifanya, hata kama mwenzako garini ni mkunga tu au askari anayesinzia. "Nafungua swichi nisikilize. Nagusa pampu." Usiingize mkono chini ya kiti kabla hujasema unatafuta nini, anayekutazama hajui kwamba chini ya kiti kuna tangi. Usibebe chupa ya petroli ya kusafishia platini, hata ndogo ya dawa, na mtu akikupa ya bure, mkimbie huyo. Ukisimama kwa jambo lolote, simama mahali pa wazi palipo na watu. Nimekwambia hayo na nayachukia, kwa sababu yanafanana na mafunzo ya mwizi. Lakini mtu asiye na kosa ndiye anayesahau kuonekana hana kosa.

Na bado sitaki yakuingie mpaka moyoni. Mimi yaliniingia. Baada ya Ndirangu kuchukuliwa nilianza kumtazama kila mtu kama nilivyolitazama tangi, nikitafuta palipobonyea. Mama yako alirudi siku moja kutoka kwa bibi yako, kule kwenye kijiji kipya walikohamishiwa kwa nguvu, kilichozungushiwa handaki, akiwa na kikapu. Nikamuuliza amekutana na nani njiani. Akajibu. Nikamuuliza tena, kwa maneno mengine. Nilikuwa najua kuuliza. Mwalimu huuliza swali moja kwa njia tatu. Akakiinua kikapu, akakipindua mezani, viazi na nduma vikabiringika mpaka sakafuni, akaketi.

"Tafuta," akasema.

Sikusogea. Akaanza kuviokota, na alipofika karibu na mguu wangu akasema, wala hakuwa na hasira, "Gari unalisikiliza kwanza kabla hujalifungua."

Tulivimenya viazi vile pamoja. Sijapata kumwomba radhi kwa maneno. Nimeanza kumsindikiza kwa mama yake, na njiani simuulizi kitu.

Utakutana na watu Kutus. Wengine watakuwa wabaya kweli, sikufichi. Kuna wanaouza majina ya wenzao kwa kibaba cha unga, na kuna wanaoua. Wengine watakuwa kama Barasa, mtu mwoga anayezidisha lakiri. Sura zao wote zitakuwa moja kwa mbali. Mimi sina kipimo cha kukupa. Ninachoweza kusema ni kwamba kila nilipofungua kabla ya kusikiliza, nilipoteza kitu, na si kila mara nilikipata mchangani.

Barasa atakuwa langoni alfajiri na jiko lake la lakiri. Nilimweleza habari za tundu, akaniambia, "Nimeelewa, Mwalimu, lakini nikiacha sehemu wazi wataona ni dirisha." Kwa hiyo atamimina kama kawaida, na simlaumu, ana watoto kule kwao Bungoma. Ukifika Kutus kutakuwa na karani mwingine wa lakiri, ambaye hanijui wala hakujui. Mimi na mama yako tumepata njia inayomwachia karani keki yake na kuliachia tangi pumzi yake. Nimeijaribu karakana mbele ya Bwana DO, akaitazama, hakusema ndiyo wala hapana. Nimelihesabu hilo kuwa ndiyo.

Mama yako amechomoa vijiti vyembamba vya ufagio wake mpya, amevifunga kwa uzi mweupe, viko kando ya kikombe chako cha chai. Vichukue, vitakutosha kila asubuhi huko Kutus. Ukifika langoni, kabla Barasa hajamimina lakiri, mwite askari wa lango asimame aone, chomeka kijiti kimoja ndani ya tundu la mfuniko, acha lakiri imiminwe kukizunguka na ipoe, kisha kichomoe mbele ya macho yao wote wawili.